Kigawa Zamu: Dhana na Istilahi katika Mifumo Endeshi ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mtumiaji wa kompyuta husikiliza muziki huku akipiga chapa barua na kunakili faili. Kwake, kazi hizo zote huendelea kwa pamoja. Kwa hakika, kazi zinazoshindania prosesa moja hupokezana: kila moja hupewa milisekunde chache, kisha husimamishwa ili nyingine iendelee. Uamuzi huo hufanywa ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Makala haya yanaeleza ni kwa nini baadhi ya watumiaji wamehitaji kujiundia chombo cha kufanya uamuzi huo, na yanapendekeza istilahi yake.

2.0 Istilahi

Neno linalojitokeza upesi ni mpangaji, lakini kwa wasemaji wengi huyo ni mtu anayelipa kodi ya nyumba. Mratibu nalo ni pana mno, kwani humhusu hata msimamizi wa semina. Isitoshe, yote mawili humtaja mtu, ilhali kinachotajwa hapa ni chombo. Kiswahili kina utaratibu wa kuunda majina ya vyombo kwa kiambishi ki-, kitenzi na yambwa yake: kipaza sauti, kinasa sauti. Kwa utaratibu huo hupatikana kigawa zamu, jina linalotaja kitendo pamoja na kile kinachogawiwa.

3.0 Ugumu wa Kugawa

Mfano wa kisima unafaa. Mwenye kata moja akisubiri mwenye ndoo kumi amalize, huchelewa bure. Lakini kila mwenye kata akipishwa, mwenye ndoo huenda asichote kamwe. Kazi inayokosa zamu kwa namna hiyo husemwa kuwa imeshikwa na njaa. Nao wahenga walikwisha kunena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mgogoro huu ulidhihirika katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Con Kolivas, daktari wa dawa za usingizi nchini Australia, alitaka kompyuta ya mezani iitikie upesi amri za mtumiaji. Mwaka 2007 alitoa kigawa zamu kilichosisitiza usawa. Kilichoingizwa katika kiini rasmi mwaka huohuo, hata hivyo, ni cha Ingo Molnár, ambaye alikiri kuwa kazi ya Kolivas ilimwonyesha njia. Kolivas alitoa kingine mwaka 2009, nacho kilibaki nje ya kiini rasmi. Aliyekitaka alilazimika kurekebisha matini ya kiini, kukiunda upya na kuiwasha kompyuta tena.

4.0 Kigawa Zamu cha Kujiundia

Toleo la 6.12 la kiini cha Linux, lililotolewa Novemba 2024, liliondoa ulazima huo kwa utaratibu uitwao sched_ext. Mtumiaji mwenye mamlaka juu ya kompyuta huandika kanuni zake za kugawa zamu kama programu ndogo, na kuipakia wakati mfumo unaendelea kufanya kazi. Hivyo, mwenye mchezo wa video na mwenye kompyuta zinazohudumia maelfu ya watu wanaweza kutumia kanuni tofauti juu ya kiini kilekile.

Uhuru huo una mipaka. Kabla ya kuipokea programu, kiini huikagua ili kuhakikisha kwamba haitagusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Baada ya kuipokea, huendelea kuichunga: kazi iliyo tayari ikikosa zamu kwa muda uliowekwa, ambao hauwezi kuzidi sekunde 30, programu hiyo huondolewa na kazi zote hurudishwa kwa kigawa zamu cha kawaida. Kosa la mwandishi mmoja, kwa hiyo, halipaswi kuusimamisha mfumo mzima.

5.0 Hitimisho

Maelezo haya yanaipa nguvu istilahi iliyopendekezwa. Sehemu iliyodhaniwa kwa miaka mingi kuwa haitenganiki na kiini sasa huwekwa, hujaribiwa na huondolewa kama chombo kingine chochote. Kiambishi ki- kinalibainisha jambo hilo, nalo neno zamu linahifadhi sharti ambalo kila mwenye kuunda chombo hicho hana budi kulitimiza, yaani kila anayengoja afikiwe.