Springi Mpya, Safari Ngumu: Namna ya Kulainisha Pikapu Iliyoimarishwa

Kati ya maombi ya matengenezo ya magari yanayoletwa na parokia, moja hujirudia kuliko mengine: "Tunaomba fedha za springi za nguvu." Sababu inaeleweka. Hapa mkoani Singida pikapu ya parokia hubeba saruji ya zahanati, mapipa ya maji, viti vya harusi, chanjo, wagonjwa, na wakati wa mavuno hubeba magunia ya alizeti. Ikianza kukaa kama fisi, mbele juu na nyuma chini, kamati hukutana, wahisani huombwa na springi nzito hununuliwa.

Makala hii inahusu yale yanayofuata baada ya hapo, ambayo kwa kawaida hayaandikwi kwenye taarifa za mradi.

Pikapu ya kliniki ya mkoba tunayoizungumzia hapa ni Land Cruiser. Ilifungwa springi nzito za nyuma pamoja na shokapu mpya, ikarudi imesimama vizuri na kila mtu akafurahi. Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda vigango vya upande wa Mkalama. Lami ilipoachwa pale Iguguno, dereva alisema kwa fahari, "Sista, gari sasa lina nguvu." Sista akamjibu, "Nguvu zake naziona mgongoni kwangu." Katika wiki zilizofuata wauguzi walianza kutafuta visingizio vya kutosafiri. Jambo lililotugutusha zaidi ni mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda hospitali. Baada ya kilometa chache ndugu zake waliomba ateremshwe, wakamtafutia bodaboda. Tunashukuru kwamba alijifungua salama. Hata hivyo, gari lililonunuliwa kwa ajili ya wagonjwa likikimbiwa na mgonjwa na kushindwa na pikipiki, kamati haina budi kuuliza kulikoni.

Kwa nini gari huwa gumu

Nyuma ya pikapu nyingi kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo hapa tutaviita majani ya springi. Land Cruiser za pikapu zilizotoka kuanzia mwaka 1999 zina majani nyuma na koili mbele. Zile za kabla ya hapo zina majani pande zote mbili. Jani likiwa nene zaidi, au majani yakiwa mengi zaidi, springi hubeba zaidi lakini hubonyea kidogo.

Kuna hesabu rahisi ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kutufanyia. Chukua sentimita ambazo springi imebonyea kwa uzito ilioubeba, tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha gawanya 5 kwa jibu utakalopata. Matokeo ni idadi ya mara ambazo gari hupanda na kushuka katika sekunde moja. Springi iliyobonyea sentimita 16 hucheza mara moja na robo, nayo iliyobonyea sentimita 4 hucheza mara mbili na nusu. Ikibonyea sentimita 1 tu, hucheza mara 5. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, kinachohusu mtikisiko wa mwili mzima, mtu aliyekaa huumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, kadiri springi inavyokaza ndivyo gari linavyosogea kwenye eneo ambalo mgongo na tumbo havivumilii.

Tuchukue mfano. Springi za nyuma zimebeba kilo 500 gari likiwa tupu. Springi za zamani, zote mbili kwa pamoja, zilihitaji kilo 100 kubonyea sentimita moja, hivyo zilibonyea sentimita 5 na gari likacheza karibu mara 2.2 kwa sekunde. Springi mpya zinahitaji kilo 250 kwa sentimita, hivyo zinabonyea sentimita 2 tu na gari linacheza mara 3.5. Ili lirudi kwenye ulaini wa zamani lazima lipakiwe kilo 750 zaidi. Je, kliniki ya mkoba hubeba kilo 750? Wauguzi watatu, dereva, masanduku ya dawa, boksi la chanjo na mizani ya watoto havifiki hata nusu yake.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Tulinunua springi kwa ajili ya siku nzito kuliko zote katika mwaka, halafu tukazitumia siku zote zilizobaki. Watengenezaji wenyewe huuza springi za gari lile lile kwa madaraja, kufuatana na uzito ambao gari hubeba kila siku. Old Man Emu wa Australia, kwa mfano, hutaja kilo za mzigo wa kudumu. Dukani tuliulizwa swali hilo, nasi tukajibu kwa mkato, "Tupe za nguvu kabisa."

Anza na yasiyo na gharama

Kabla ya kuomba fedha nyingine, yapo mambo ambayo fundi wa kawaida na dereva makini wanaweza kuyafanya kwa siku moja.

La kwanza ni upepo wa matairi. Matairi ya 7.50R16 yanayotumika sana kwenye Land Cruiser ni magumu ubavuni, na madereva wetu wengi huyajaza kwa kipimo cha mzigo hata gari likiwa tupu. Letu tulilikuta na paundi 65. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Usishuke chini ya kipimo hicho kwa kutafuta raha, maana tairi lenye upepo mdogo hupata joto na kupasuka. Hatua hii peke yake ilipunguza malalamiko, ingawa haikuyamaliza.

La pili ni bolti za bushi. Springi zinapofungwa gari likiwa juu ya jeki, matairi yakining'inia, fundi akazikaza bolti hapo hapo, mpira wa bushi hushikwa katika mkao usio wake. Gari likishushwa mpira huo unajisokota na kufanya kazi kama springi ya ziada. Dawa yake ni kulegeza bolti hizo gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake, kulitikisa kidogo, kisha kukaza upya. Wakati huo huo kagua bolti za duara zinazofunga springi kwenye ekseli, kwa sababu hulegea baada ya kilometa mia chache za mwanzo. Kitu kingine cha kuangalia ni kile kiungo cha chuma cha mwisho wa springi kinachopaswa kucheza. Springi mpya yenye mkunjo mkubwa inaweza kukivuta hadi kikakosa nafasi ya kusogea, na hapo hata jani zuri haliwezi kubonyea.

La tatu ni msuguano. Vumbi la mkoa wetu, likisaidiwa na upepo ambao Singida inajulikana nao, huingia kati ya majani na kuyafanya yagome kuteleza. Fungua, safisha kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo kwenye ncha za majani. Grisi ya kawaida isiguse bushi za mpira, huzilainisha na kuziharibu. Springi mpya nazo hulegea kidogo baada ya wiki kadhaa za kazi, hivyo kamati isifanye uamuzi mkubwa siku ya pili.

La nne ni kujua mkosaji ni nani, springi au shokapu. Springi hubeba, shokapu hutuliza mchezo wa springi. Fundi wetu alizifungua shokapu za nyuma, akaliendesha gari ndani ya uwanja wa parokia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Liliruka vile vile, tena likawa linayumba, ndipo akasema shida ni majani. Kipimo hiki kisifanywe barabarani. Kama gari lingelainika, tungebadilisha shokapu kwa zenye ugumu mdogo, au zenye urefu unaofaa. Gari likiinuliwa, shokapu fupi huishia juu na kugonga kila tairi linaposhuka shimoni.

Wenye Hilux za miaka ya 1997 hadi 2005 waangalie na mbele. Nyingi za magurudumu manne zinatumia fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi, na mafundi hupenda kuzikaza ili gari liinuke. Zikikazwa mno, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka na kila bonde linagonga. Kulegeza mizunguko michache hakugharimu kitu, ila baada ya hapo mpangilio wa magurudumu upimwe upya.

Kutoa jani

Baada ya hayo yote, fundi alitoa jani moja kila upande. Kazi hii si ya kubahatisha. Jani kuu lenye macho ya bushi haliguswi, wala lile la pili linalolishika. Idadi iwe sawa kulia na kushoto, na bolti ya katikati iwe ya urefu unaofaa. Muhimu zaidi, gari likishatolewa jani lisibebeshwe tena mzigo uliokuwa umekusudiwa. Uzito mpya tumeuandika kwa rangi ndani ya mlango, na dereva ameuweka sahihi kwenye daftari.

Daftari lenyewe limetufundisha. Kwa miezi mitatu dereva aliandika mzigo wa kila safari bila mizani yoyote ya barabarani. Mfuko wa saruji ni kilo 50, lita ya maji ni kilo moja, na magunia yetu ya alizeti tuliyapima kwenye mizani ya mazao yakawa kati ya kilo 60 na 70. Safari zilizokaribia tani moja zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa safari hizo sasa tunakodi Fuso, na hesabu inaonyesha ni nafuu kuliko kuumiza gari na watu mwaka mzima. Baadhi ya wajumbe hawakupenda, kwa sababu gari lipo na kukodi kunaonekana kama anasa. Wahisani nao, kwa maoni yangu, wangefanya vizuri kudai daftari la namna hii kabla ya kutoa fedha za springi.

Mwendo nao una sehemu yake. Madereva husema ukikimbia juu ya barabara iliyojikunja kama bati, gari huelea. Mwaka 2007 watafiti Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha kwa majaribio kwamba mikunjo hiyo huanza gurudumu linapovuka mwendo fulani, hata kama halina springi kabisa. Anayekimbia ili aelee basi anawachimbia wenzake.

Breki na taa

Hili limewekwa mwisho lakini ndilo linaloweza kuua. Pikapu nyingi za Toyota zina vali ya breki karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayosoma jinsi nyuma ilivyobonyea. Gari likiinama kwa mzigo, vali hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Springi mpya zikiliinua gari, vali hudhani hakuna mzigo hata ukiwa umepakia, na breki za nyuma hufanya kazi nusu. Fikiria mteremko wa Sekenke katika hali hiyo. Vali inarekebishika, lakini ni lazima fundi akumbushwe. Letu lilikuwa limetembea wiki sita bila kurekebishwa. Taa nazo hubadili mwelekeo: nyuma ikiinuka sana taa humulika karibu mno, na mbele ikiinuliwa humpofusha anayekuja. Zipimwe usiku kwenye ukuta, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Sista amerudi kwenye ratiba ya Mkalama, na godoro la wagonjwa limefungwa katikati, mbele ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mrusho ni mdogo. Majani mawili yaliyotolewa yamepakwa grisi, yamefungwa kwenye gunia na kuandikishwa kwenye leja ya stoo ya parokia.