Kosa la Mtoto Latoka Wapi?

Katika mazoezi ya kufundisha tulimsikia mwalimu akimwuliza mtoto, "Didn't you bring your book?" Mtoto akajibu, "Yes." Mwalimu akamwamuru akitoe kitabu. Hakuwa nacho, akaadhibiwa kwa uongo. Kumbe alisema kweli, ila kwa sarufi ya Kiswahili. Kwetu sisi, aulizwaye "Hukuleta kitabu?" hujibu "Ndiyo", yaani ulivyosema ndivyo, sikuleta. Mwingereza hujibu juu ya tendo lenyewe, nasi twajibu juu ya neno la muulizaji. Mtoto huyo hakufungua tena kinywa mpaka kipindi kikaisha.

Aghalabu twalidhania kosa kuwa uvivu. Mwanaisimu S. P. Corder alieleza mwaka 1967 kwamba makosa humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi katika kujifunza. Basi tuyasome kabla ya kuyapiga wino mwekundu.

Tutazame "My mother he is cooking." Makosa ni mawili, chimbuko ni moja. Katika "Mama anapika", kiambishi a- hakibagui mume na mke, wala hakiachwi kwa kuwa mama amekwisha kutajwa. Mtoto ametafuta mwenzake wa a- katika Kiingereza, akamwona "he". Mwandikie ubaoni "My mother is cooking", na chini yake "She is cooking". Ufute na kuandika mbele ya macho yake, aone kwamba "she" hukaa mahali pa "my mother", wala hawakai pamoja.

Lakini "He goed to the market" ni jambo jingine, na hapa Kiswahili hakihusiki. Mtoto amesikia "played" na "washed", akaitambua kanuni bila ya kufundishwa. Hata watoto wa Kiingereza husema hivyo. Pengine mwezi uliopita mtoto huyu alisema "went", mwalimu akaona sasa amerudi nyuma. La, wakati ule alikariri, leo anafikiri. Kumkaripia ni kumwadhibu kwa kufikiri. Yatosha kumjibu, "Yes, he went. What did he buy?" na mazungumzo yaendelee.

Tukirudi kwa yule wa kitabu, darasa lizoezwe kujibu kwa ukamilifu: "No, I didn't." Na mpaka hapo watakapozoea, mwalimu aulize pasipo kukanusha: "Did you bring your book?"