Samaki Mkali wa Ikola

"Jiwe hili ni langu! Toka!"

Mnamsikia? Huyo ni samaki mdogo wa Ikola, ndani ya Ziwa Tanganyika. Anaenea kwenye kiganja cha mtu mzima. Mwili wake mweusi, na kiunoni kajifunga mshipi mpana wa njano. Wataalamu humwita Tropheus. Huko Ujerumani na Marekani watu humfuga kwenye matangi ya kioo, awe pambo la nyumba, na humwita kwa jina la kwao: Ikola. Ndiyo, Ikola hii hii ya mkoa wetu wa Katavi! Watoto wa Sibwesa, jirani yenu kafika mbali.

"Mjomba, mbona mkali hivyo?"

Swali zuri! Tumuulize mwenyewe.

"Mimi hula mwani," anasema samaki. "Ule utelezi wa kijani juu ya mawe. Mwingine akiukwangua wote, mimi nitakula nini? Ndiyo maana nasema: jiwe hili ni langu!"

Basi si mwovu. Analinda chakula chake.

"Mjomba, nikitaka kumfuga, nimtafutie mwenzake mmoja tu, wasigombane?"

Ehee, umefikiri vizuri kuuliza, maana hapo ndipo wengi hupotea. Tazama watoto wawili uani, mmoja mbabe, mmoja mnyonge. Mnyonge atapigwa kutwa nzima. Sasa waite watoto ishirini. Mbabe atamfukuza huyu, atamgeukia yule, mara kachoka! Samaki hawa ni hivyo hivyo. Wawili wakiwa peke yao, mara nyingi mmoja hufa. Wafugwe kundi, 15 au 20, wakue pamoja tangu wadogo. Tangi liwe refu, la lita 400 hivi, lenye mawe mengi ya kujificha. Anayeonewa sana atolewe mapema. Na kama huna tangi kubwa, mwanangu, mwache ziwani.

Usimlishe nyama. Utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa ajili ya mwani. Nyama huweza kumvimbisha tumbo, hata akafa.

"Na watoto wake wanakaa wapi, katikati ya wakali wote hao?"

Mdomoni mwa mama! Hutaga mayai machache, lakini makubwa. Huyaokota, huyatia kinywani, na hukaa nayo karibu mwezi mzima. Samaki wengi wenye mayai mdomoni hawali kitu. Mama huyu hudonoa mwani polepole, na watoto hula humo humo kinywani. Mimi hilo hunishangaza kila nikilifikiria! Basi ukimwona kavimba kidevu, usimkimbize na wavu. Atawatema kabla hawajakomaa.

Sasa sikilizeni neno ninalolijali kuliko yote. Samaki huyu hapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu. Huko hakuna jiwe la kujificha, na samaki wakubwa wanamngoja. Kwa hiyo wa ufuko huu na wa ufuko ule hawakukutana kwa maelfu ya miaka. Kila ufuko ukapata rangi yake: huku mshipi wa njano, kule wekundu, kwingine weusi mtupu.

"Mjomba, nikiwachanganya kwenye tangi moja?"

Watazaana. Watoto watatoka na rangi isiyo ya ufuko wowote, na ukiwauza, hakuna atakayejua tena wa Ikola ni yupi. Kila ukoo na tangi lake.

"Nikichoka nao, niwamwage mtoni?"

La, hapana! Samaki wageni huweza kuwaangamiza wenyeji. Miaka ya 1950 sangara walitiwa Ziwa Victoria. Wakawala furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, na aina nyingi za furu zikatoweka. Hata ziwani kwetu usiwarudishe popote tu, kwa kuwa utachanganya koo zile zile. Mpe mfugaji mwingine.

Nanyi wanangu mnaouliza maswali mazuri namna hii, mkitaka kufuga siku moja, anzeni kwa afisa uvuvi, awaeleze kibali kinachotakiwa. Kisha andikeni juu ya kila tangi jina la ufuko samaki walikotoka, na mkimgawia mtu, mpeni na jina hilo.