Mvinyo wa bei chee ndani ya sufuria

Je, wajua kwamba ukimimina mvinyo wa bei mbaya kwenye nyama inayochemka, sehemu kubwa ya ulicholipia inapaa na mvuke? Harufu za matunda na maua ndizo zinazoupandisha mvinyo thamani, nazo ni nyepesi mno. Zikikaa motoni kwa muda, hazipo tena. Kinachobaki sufuriani ni uchachu, sukari kidogo, rangi na tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Hivyo vyote vimo hata kwenye chupa ya bei chee.

Kaanga vipande vya nyama mpaka vibadilike rangi, viopoe, kisha tazama chini ya sufuria: kuna masalia ya kahawia yaliyogandia. Mimina nusu kikombe cha mvinyo. Sufuria italia shaa, mvuke mkali utakupanda puani, na ukikwangua kwa mwiko masalia yote yatabanduka na kuwa mchuzi. Maji nayo yangeyabandua. Ila ndani ya mvinyo kuna alkoholi, ambayo huyeyusha hata viungo vya harufu vinavyopatana na mafuta na kuyakataa maji, na kuvisaidia kufika puani mwa mlaji. Hata mchuzi wa nyanya huchangamka ukitiwa mvinyo kidogo.

Wafaransa wana boeuf bourguignon, pishi linalohusishwa na jimbo la Burgundy: nyama ngumu ya ng'ombe, mvinyo mwekundu, vitunguu, moto mdogo kwa saa tatu hivi. Kinachoilainisha nyama hasa ni muda na joto. Uchachu wa mvinyo unakata mafuta. Kuichemshia chupa ya kifahari kwa saa zote hizo ni kuchoma pesa, hata mwenye hoteli akikuapia vingine.

Wengi huamini kwamba pombe yote huisha jikoni, kwa kuwa alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100. Lakini vikishachanganyika, viwili hivyo havitengani kirahisi. Huondoka pamoja, kidogo kidogo. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linakadiria kwamba baada ya dakika 15 za kuchemka hubaki asilimia 40 ya alkoholi, baada ya nusu saa 35, baada ya saa nzima 25, na hata saa mbili na nusu huacha asilimia 5. Kile kiroja cha kuwasha chakula moto mbele ya wageni hubakiza takriban asilimia 75! Tuseme umetia kikombe kimoja cha mililita 240, mvinyo wa asilimia 13, ukachemsha nusu saa: sufuriani mna mililita kama 11 za alkoholi. Mkiwa walaji sita, kila mmoja anapata chini ya mbili. Hazilevyi mtu, lakini si sifuri, na asiyegusa pombe kwa sababu ya dini au afya anastahili kuambiwa kabla hajapakuliwa. Mpikie kwa supu ya mifupa na ukwaju kidogo, uchachu ataupata.

Kwenye vinywaji vya kuchanganya, kazi ya moto hufanywa na baridi, sukari na limau. Baridi huzima harufu, nzuri na mbaya, lakini huuchongoa ukakasi wa mvinyo mwekundu, ndiyo maana sangria ya Wahispania na Wareno hutiwa matunda na utamu. Wabaski wao huchanganya mvinyo mwekundu na kola, nusu kwa nusu, wakauita kalimotxo. Husimuliwa kwamba jina hilo lilizaliwa mwaka 1972 kwenye sherehe huko Algorta, pale waandaaji walipogundua kuwa mvinyo walionunua umeharibika na watu wameshafika. Msumbiji wana mchanganyiko huohuo, catembe, jina la mji ulio ng'ambo ya ghuba ya Maputo.

Bei chee isiwe kisingizio cha kununua chochote. Ukiwa na chupa ya Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, soma kibandiko: mvinyo mtamu ukipungua sufuriani hugeuka sharubati, na mchuzi wa nyama hauutaki. Chagua mkavu. Ule unaouzwa kwa jina la mvinyo wa kupikia uache dukani, kwani mara nyingi umetiwa chumvi, na mchuzi ukishapungua hutaweza kuitoa. Tena usiuchemshe mvinyo kwa muda mrefu kwenye sufuria ya alumini tupu. Uchachu hula alumini na mchuzi huanza kuwa na ladha ya bati. Tumia ya chuma cha pua au iliyopakwa enameli.