Usome ECG kabla ya kuacha dawa

Wiki jana kijana wa mtaani kwetu, anayemeza dawa za kifua kikuu sugu, aliniletea karatasi yake ya ECG. Mashine imeandika QTc 509, na mtu kishamwambia kuwa ikipita 500 dawa husimamishwa. Akataka kuacha zote. Mimi ni muuguzi mstaafu, nikamwambia tusome namba nyengine kwanza.

QT ni muda ambao umeme wa vyumba vya chini vya moyo huchukua kukaza misuli na kujiandaa kwa pigo jengine. Dawa kama bedakwilini na moksifloksasini huurefusha. Ukizidi mno, moyo waweza kupiga ovyo, mtu akazimia au akafa. Kwa hivyo hofu yake haikuwa ya bure.

Lakini moyo ukienda mbio, QT yenyewe hufupika, ndiyo maana mashine huirekebisha kulingana na kasi. Hiyo ndiyo herufi c. Mashine nyingi hutumia kanuni ya Bazett ya mwaka 1920, ambayo kasoro yake yajulikana: kasi ikipanda, kanuni hiyo hutia chumvi. QT ya kijana huyu ilikuwa milisekunde 360, moyo ukipiga mara 120 kwa dakika. Kwa Bazett hiyo ni 509. Kwa kanuni ya Fridericia, ya mwaka huohuo, ni 454. Moyo ni mmoja na karatasi ni moja! Wanaotibu kifua kikuu sugu huelekezwa watumie Fridericia.

Na mbona 120? Alipanda ngazi mbio, na asubuhi alikuwa ametafuna muguka, ambayo huharakisha moyo (tusifichane, wengi wetu twajua). Daktari wake alimpima upya akiwa ametulia, na dawa zikaendelea.

Basi ukipewa namba kama hiyo, uliza moyo ulikuwa ukipiga mara ngapi na ni kanuni gani iliyotumika. Mtajie daktari kila dawa unayomeza, hata azithromaisini uliyojinunulia dukani. Ukiwa umetapika au kuharisha, sema pia, kwani potasiamu ikipungua QT hurefuka.

Fridericia nayo ikipita 500, hapo si mzaha. Daktari ndiye ataamua dawa gani isimame, na damu ipimwe potasiamu na magnesiamu. Aliyezimia asingoje tarehe ya kliniki, apelekwe hospitali papo hapo.