Wana HIV, Hawamezi Dawa na Bado Wako Fiti: Miili Yao Hufanyaje?

Kila mtaa una hii stori. Kuna msee alipimwa akapatikana na HIV miaka mob iliyopita, hajawahi kumeza hata tembe moja, na kila Jumapili bado anacheza boli kama kawa. Wengine wanasema aliombewa. Wengine wanasema vipimo vilikuwa feki. Na hakukosi mmoja wa kuapa kwamba kuna mzee wa mitishamba huko ushago alimmaliza huyo mdudu.

Nyingi za hizo ni porojo. Lakini kuna watu wachache, wa ukweli kabisa, ambao miili yao inakalia HIV ngumu bila msaada wa dawa. Madaktari wanawaita wadhibiti. Twende polepole tuone vile hiyo kitu hufanyika, halafu tuone kwa nini haifai kukufanya uweke ARV zako kando.

Wako wangapi?

Wachache sana. Makadirio ya kawaida ni chini ya mtu 1 kwa kila 100, na wengine husema ni kama 1 kwa 200. Hebu jaza nganya sita za viti 33, abiria wote wawe na HIV na hakuna ameanza dawa. Kati ya hao wote, huenda ukapata mdhibiti mmoja tu. Wengine wote, wakikaa bila dawa, kinga yao itashuka.

Mdhibiti kamili akipimwa, kiwango cha virusi kwa damu kinapatikana chini ya 50 kwa mililita moja, na bado hamezi chochote. Lakini kumbuka, ukimpima kwa kile kipimo cha kudunga kidole bado kitasoma ana HIV, kwa sababu kile kipimo hutafuta silaha ambazo mwili ulitengeneza kupigana na kirusi. Kwa hivyo hajapona, na vipimo havikudanganya.

Dirisha la duka

HIV ni mjanja. Inaingia ndani ya seli za CD4, zile ambazo ndizo hupanga kinga ya mwili, na inazigeuza kuwa kiwanda chake. Tena inabadilisha sura kila siku, kama jambazi anayebadilisha kofia na jaketi ndio karao wasimtambue.

Sasa, kila seli ina kitu kama dirisha la duka. Ikiingiliwa na kirusi, inachukua vipande vya huyo kirusi na kuvianika hapo dirishani. Kuna askari wa mwili wanaoitwa seli za CD8 ambao hupiga doria. Wakiona kipande cha adui dirishani, wanaua hiyo seli yote kabla haijatoa virusi vingine. Hilo dirisha linaitwa HLA, na umbo lake unarithi kutoka kwa mathe na buda.

Mwaka wa 2010 watafiti walichapisha kazi kubwa kwa jarida la Science. Walilinganisha vinasaba vya karibu wadhibiti 1,000 na vya watu zaidi ya 2,600 ambao miili yao ilishindwa kukaza. Tofauti kubwa zote zilijipanga sehemu moja tu: kwa hizo HLA. Aina zinazosaidia zaidi ni kama B57 na B27, na kwa Waafrika kuna zingine kama B58:01 na B81:01.

Zinasaidiaje? Dirisha la mtu wa kawaida linaweza kuanika ile kofia ya jambazi, na kesho ashabadilisha. Dirisha la B57 linaanika kitu kama mguu wake, yaani sehemu ambayo kirusi hakiwezi kubadilisha bila kujilemaza. Kikibaki vile kilivyo, kinaonekana na kupigwa. Kikibadilika, kinabaki kikichechemea na hakizaani haraka.

Lakini hata hapo hakuna garantii. Kuna watu wengi wana B57 na bado wakaugua, na kuna wadhibiti ambao hawana hiyo B57.

Kirusi kimefungiwa jangwani

HIV ikishaingia, inajipachika ndani ya DNA yako. Kwa watu wengi inajipachika sehemu zenye shughuli mob, na ndio maana ukiacha dawa inaamka. Mwaka wa 2020, watafiti wa Taasisi ya Ragon huko Marekani waliangalia wadhibiti 64 na wakapata kwamba virusi vingi vilivyobaki kwao vimekwama sehemu za DNA ambazo ni kama jangwa. Ni kama kufungua kibanda cha chipo mahali hakuna stima, hakuna barabara, na hakuna wateja.

Si bahati tu. Inaonekana askari wa mwili wamekuwa wakiua seli zenye virusi vinavyofanya kazi, mwaka baada ya mwaka, hadi vikabaki tu vile ambavyo haviwezi kupiga kelele.

Kwa utafiti huo kulikuwa na mama wa California, Loreen Willenberg, ambaye amejulikana kuwa na HIV tangu 1992. Walichunguza seli zake zaidi ya bilioni 1.5 na hawakupata hata kirusi kimoja kizima. Mwaka wa 2021 ikatoka stori kama hiyo ya mwanamke kutoka mji wa Esperanza, Argentina. Hao wawili ndio wanatajwa kama watu ambao huenda miili yao ilifagia HIV yenyewe.

Hapa kwetu je?

Kazi kubwa ya aina hii ilianza Nairobi, mtaa wa Majengo huko Pumwani. Kuanzia 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, akiwemo Frank Plummer, walifuatilia wanawake waliokuwa wakifanya kazi ya ngono. Wengi waliambukizwa. Lakini wachache walikaa miaka na miaka bila kuambukizwa, ingawa walikutana na kirusi mara nyingi.

Hao si wadhibiti, kwa sababu hawakuwa na HIV kabisa. Ila damu yao ilionyesha seli za askari zinazoitambua HIV, na hilo lilichangia majaribio ya chanjo ya Oxford na Nairobi miaka ya 2000 na 2001. Ile chanjo haikuamsha kinga ya kutosha. Na kuna funzo lingine chungu: baadhi ya wale wanawake waliambukizwa baadaye. Ile ngao haikuwa ya milele.

Majirani wetu wa Congo nao wameleta maswali mapya. Utafiti wa 2021 ulipata kwamba kati ya watu wenye HIV waliopimwa huko, kati ya 2.7% na 4.3% walikuwa na kirusi kidogo sana kwa damu bila dalili ya kutumia dawa. Hiyo ni juu kuliko kwingine.

Kabla hujasema "labda mimi ni mmoja wao"

Hapa ndipo watu hujimaliza. Msee yuko kwa ARV, anapimwa, anaambiwa virusi havionekani. Anajihisi poa, anasema nimepona, anaacha. Hiyo kazi ilifanywa na dawa. Wengi wakiacha, kirusi kinarudi ndani ya wiki chache tu.

Tuliona hii 2011, wakati maelfu walipanga foleni Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za huko. Hata Wakenya walivuka mpaka. Kuna walioacha ARV wakiamini wamepona, na kirusi hakikuwa kimeenda popote.

Hata wadhibiti wenyewe hawana raha kamili. Mwili unaopigana kila siku unachoka, na wengine wana matatizo ya moyo zaidi, na wengine hupoteza udhibiti baada ya miaka. Ndio maana tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linasema kila mwenye HIV apewe dawa, na Kenya ilifuata mwaka wa 2016.

Na usitumie mpenzi wako kama kipimo. Yeye kutokuwa na HIV haimaanishi wewe ni mdhibiti, wala haimaanishi wewe huna.

Sasa sikiza hii. Ukimeza dawa vizuri na virusi visionekane kwa miezi sita au zaidi, huwezi kumwambukiza mtu kwa ngono, na unaweza kuishi hadi uzeeke. Yaani tembe moja kwa siku inakupea kile mwili wa mtu mmoja kati ya 200 ulijipea wenyewe. Yeye alizaliwa nayo. Wewe unaipata kliniki, bila kulipa.