Theluji ya vitabuni, masika ya Misisi: kazi za kusoma kwa mwaka wa tano na wa sita

Mtoto wa mwaka wa tano wa shule ya msingi anaweza kusoma kwa sauti neno la Kifaransa «neige» bila kukosea hata herufi moja, na bado asijue limesema nini. Theluji hajaiona. Kwao Misisi, katika wilaya ya Fizi, mwaka una majira mawili tu: masika, ambayo huanza karibu na kufunguliwa kwa shule mwezi wa Septemba na kuendelea hadi Mei, na kiangazi cha Juni hadi Agosti. Lakini vitabu vingi vya kusomea Kifaransa, hasa vile vilivyochapwa Ulaya, vinahesabu majira manne, na moja kati ya hayo ni la baridi, lenye makoti mazito, moto ndani ya nyumba na watoto wanaocheza katika theluji.

Mbele ya ukurasa kama huo, mwalimu mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: anauruka, au anawakaririsha wanafunzi maneno mpaka kengele inalia. Iko njia ya tatu. Ukurasa wa baridi unaweza kuwa somo zuri la kusoma hata Misisi, bila vitabu vipya na bila umeme, mradi mwalimu aanzie kwenye kile ambacho mtoto anakijua.

Kwa nini jambo hili ni zito

Misisi imekua kwa sababu ya dhahabu. Watu wamekuja kutoka pembe nyingi za Kivu ya Kusini, Maniema na Tanganyika, wengine kwa ajili ya mashimo, wengine kwa biashara, wengine kwa kukimbia vita. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, ingawa nyumbani mmoja anasema Kibembe na mwingine lugha yake. Mtoto anayefika mwaka wa tano ana umri wa miaka kumi au zaidi, na machoni pa watu wengi ameshapata nguvu za kubeba mawe, kuosha mchanga au kuuza maji karibu na mashimo. Kama darasani haelewi anachosoma, shimo linamwita haraka zaidi.

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazipashwi kulipisha wazazi, kufuatana na Katiba ya 2006. Watoto walirudi kwa wingi na madarasa yakajaa. Lakini kuingia darasani na kuelewa kitabu ni mambo mawili tofauti. Katika makadirio ya 2022, Benki ya Dunia ilisema kwamba katika nchi yetu watoto 97 kwa 100 wa umri wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi na rahisi.

Lugha nayo ina sehemu yake. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa, kati yao Kiswahili, na watoto wengi wanaanza kusoma kwa lugha hiyo. Kadiri wanavyopanda madarasa, Kifaransa kinachukua nafasi. Katika mwaka wa sita wanakutana na mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ule ambao wazazi wengi bado wanauita TENAFEP, na hapo maswali ya Kifaransa hayangoji mtu. Mtoto aliyezoea kutamka tu anakwama pale anapoombwa kueleza.

Baridi si mgeni kwetu

Kabla ya kufungua kitabu, mwalimu awaulize wanafunzi wanajua nini kuhusu baridi. Atashangaa. Wengi wameona mvua ya mawe ikipiga mabati na wamekimbia kuyaokota mawe hayo ya barafu kabla hayajayeyuka. Wengine wamenunua maji yaliyoganda katika kifuko cha plastiki kwa mfanyabiashara mwenye firigo. Wenye ndugu katika milima mirefu ya Itombwe wamesikia kuhusu asubuhi ambazo mtu hatoki nje bila blanketi.

Neno theluji lenyewe wamelisikia kanisani. Biblia ya Kiswahili inalo katika Isaya sura ya 1, na Zaburi ya 147 inalinganisha theluji na sufu ya kondoo. Hapo mwalimu amepata swali la kwanza la kusoma: kwa nini mwandishi alichagua sufu, asichague chumvi au unga?

Kisha watoto wajue kwamba theluji iko hata Kongo. Milima ya Ruwenzori, kwenye mpaka wetu na Uganda, ina kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109. Upande wa Kongo uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoundwa 1925. Kule juu kuna barafu, ingawa imepungua sana tangu Waitaliano walipopanda 1906. Na wenye jamaa Lubumbashi watawaambia kwamba usiku wa Juni na Julai watu huko wanavaa makoti.

Kwa nini Juni na si Desemba? Hilo pia ni somo. Dunia imeinama kwa digrii 23.5 inapozunguka jua. Desemba, upande wa kaskazini unapata jua kidogo, nao wana baridi. Juni ni zamu ya upande wa kusini, na Misisi iko kusini ya ikweta. Kwa hiyo kiangazi chetu, na vumbi lake lote, kinaangukia miezi ambayo katika ramani ya jua ni majira ya baridi ya upande wetu wa dunia.

Kazi tano za kufanya darasani

Ya kwanza ni maneno ukutani. Wanafunzi wachore safu tatu kwenye karatasi kubwa. Karatasi ya mfuko wa simenti uliopanguswa vizuri inatosha. Safu moja ni ya Kiswahili, nyingine ya Kifaransa, ya tatu ya lugha ya nyumbani. Waandike baridi, barafu, theluji, umande, ukungu, mvua ya mawe. Penye neno lisilokuwepo katika lugha ya nyumbani, waende kuuliza wazee na walete jibu kesho yake.

Ya pili ni kusoma kwa makundi ya watu watano, kwa sababu kitabu ni kimoja na watoto ni sitini au zaidi. Maandishi yanawekwa ubaoni na kila kundi linayanakili. Mmoja anasoma, wa pili anauliza maswali, wa tatu anatafuta maneno magumu, wa nne anasimulia upya kwa Kiswahili, wa tano anaandika muhtasari wa mistari mitatu kwa Kifaransa. Kesho yake wanabadilishana kazi. Hivyo hata yule wa benchi la nyuma lazima aelewe, maana zamu yake itafika.

Ya tatu ni kulinganisha. Upande mmoja: Desemba Misisi. Upande wa pili: Desemba Montréal, Kanada. Watoto wanavaa nini? Barabara inaharibika namna gani? Nani anakosa shule, na kwa nini? Huku tope ndilo linalokata njia ya Fizi na Lulimba, kule ni theluji. Mwanafunzi atakuta kwamba shida zinafanana kuliko alivyofikiri, na hapo kitabu kinaacha kuwa kitu cha watu wengine.

Ya nne ni kusoma maagizo na kuyafuata. Mwalimu anunue kifuko kimoja cha barafu. Ubaoni aandike hatua: weka barafu katika kikombe, jaza maji hadi ukingoni, angalia kama barafu inaelea, ngoja iyeyuke, angalia kama maji yamemwagika. Maji hayatamwagika. Maji yanapoganda yanapanuka kwa karibu sehemu 9 kwa 100, ndiyo maana barafu inaelea, na inapoyeyuka inarudi nafasi ile ile iliyokuwa imeichukua ndani ya maji. Mtoto aliyeruka hatua moja atajua mwenyewe kwamba hakusoma vizuri.

Ya tano ni barua. Familia nyingi za Fizi zina ndugu waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa 1996, na baadhi yao wamepelekwa kuishi Marekani, Kanada au Australia. Picha za theluji zinafika hapa kwa simu. Mwanafunzi amwandikie binamu aliye kule: amwulize siku ya kwanza ya theluji ilikuwaje, naye ampe habari za masika ya nyumbani. Jibu likija, lisomwe darasani. Asiye na ndugu huko aandikie mwanafunzi wa kubuni.

Maandishi ya kunakili ubaoni

Mwalimu asiye na kitabu anaweza kutumia kisa hiki cha kweli:

«Mwaka 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alisafiri kwa miguu kutoka karibu na Mombasa kuelekea bara. Tarehe 11 Mei aliona mlima mrefu sana. Juu yake palikuwa na kitu cheupe kama wingu. Alimwuliza kiongozi wake wa safari kile ni nini. Yule akajibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akaelewa kwamba ni theluji, akaandika habari hiyo Ulaya. Mtaalamu wa London aitwaye William Desborough Cooley alikataa kuamini. Alisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Yeye mwenyewe hakuwa ameuona mlima huo. Baadaye wasafiri wengine walifika, wakakuta Rebmann alisema kweli. Mlima huo ni Kilimanjaro, wenye mita 5,895, mrefu kuliko yote ya Afrika.»

Maswali yawe ya aina tatu. Aina ya kwanza, jibu limeandikwa wazi: Rebmann aliuona mlima tarehe gani? Aina ya pili, jibu lazima litafutwe kwa kuunganisha sentensi: ni nani kati ya watu watatu wa kisa hiki aliyeijua theluji ya mlima ule kabla ya wengine, na unajuaje? Aina ya tatu, jibu liko kwa msomaji: umewahi kusema jambo ulilolishuhudia na watu wakakataa kuliamini? Ulifanya nini?

Mara nyingi darasa linaishia kwenye aina ya kwanza, kwa kuwa ni rahisi kusahihisha. Lakini mtoto anaweza kujibu swali la tarehe kwa kunakili namba tu. Swali la pili ndilo linaloonyesha kama ameelewa. Kwa kisa hiki, jibu lake lina uzito: aliyejua mbele ya wataalamu wa London alikuwa kiongozi wa safari, na alilisema jambo hilo kwa Kiswahili.

Kisa hicho hicho kinaweza kusomwa kwanza kwa Kiswahili, halafu mwalimu akiandike upya kwa Kifaransa chepesi. Mtoto ambaye tayari anajua habari yenyewe hatapigana na mambo mawili kwa mara moja. Atabaki na kazi moja tu, ile ya lugha.

Mvua ikipiga mabati

Katika nchi za kaskazini, baridi ikizidi na watoto wasipoweza kucheza nje, mwalimu anaweza kutumia saa hizo kuwazoeza kusoma. Sisi tuna saa kama hizo, ila hatuzihesabu. Mvua ya Novemba au ya Aprili ikianza kupiga mabati, sauti ya mwalimu haisikiki tena. Katika madarasa mengi somo linasimama, watoto wanapiga kelele au wanalala juu ya benchi mpaka mvua ipite.

Hizo dakika zinafaa kwa kusoma kimya. Mwalimu aweke tayari maandishi mafupi yaliyonakiliwa katika madaftari, na kanuni moja ijulikane na wote: mvua ikianza, kila mtu anafungua daftari na kusoma peke yake. Mvua ikiisha, wawili au watatu wanasimulia walichosoma. Hakuna franka inayotoka.

Maandishi hayo yanaweza kutoka kwa wanafunzi wenyewe. Wazee wa Kibembe na wa makabila mengine wana hadithi za usiku, za sungura na chui, za ziwa Tanganyika na milima. Mwanafunzi wa mwaka wa sita asikilize hadithi moja nyumbani, aiandike kwa Kiswahili, mwalimu asahihishe, halafu ishonwe pamoja na nyingine thelathini. Mwisho wa masika darasa litakuwa na kitabu chake, na wa mwaka wa tano watakisoma mwaka unaofuata.

Wazazi nao wana kazi ndogo. Hata asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto jioni: nisomee ukurasa mmoja, halafu nieleze kwa maneno yako. Kama mtoto anasoma vizuri lakini hawezi kueleza, mzazi amepata habari ambayo bulletini ya shule haiwezi kumpa, na ana sababu ya kwenda kuzungumza na mwalimu kabla mwaka wa shule haujaisha.